Koleo Nililolipitisha Motoni

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka hadi nichanganye majina ya wajukuu zangu, yenyewe nitaikumbuka. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimekonda, nina maneno mengi, na nilijiona fundi. Fundi wa nini? Wa kucha, hapahapa Majengo, kwenye saluni ya mama mmoja tuliyemwita Mama Oresta. Nakueleza haya kwa sababu na wewe sasa umefungua saluni yako, na juzi nilipopita kukuona nilikuta mikasi imelala kwenye bakuli la maji yaliyopoa, nawe ukanipa shikamoo kwa furaha kama vile bakuli lile halipo. Sikusema kitu mbele ya wateja wako. Leo nasema, kaa unisikilize.

Kwanza nimtaje Mama Oresta vizuri, maana anastahili. Kabla ya saluni alikuwa mhudumu wa zahanati kijijini, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kuosha na kuchemsha vyombo vya daktari. Alipoacha kazi ile alikuja mjini na tabia zake zote. Mama mnene, mpole, Kiswahili chake kina Kifipa ndani, hacheki ovyo. Lakini ungemwona anavyoosha koleo! Jamani, nimeona mapadre wakisafisha kikombe cha misa baada ya komunyo, na bado nasema sijaona mikono yenye adabu kama ile.

Koleo ninalosema ni lile dogo la kukatia ngozi ya pembeni mwa kucha, unalijua. Mteja akishaondoka, Mama Oresta alivaa glavu nene, akalitumbukiza kwenye maji ya sabuni, akalipanua, akalisugua kwa mswaki pale miguu yake miwili inapokutana, ndani kabisa, kisha nje, kisha ndani tena. Akalisuuza, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akalikagua kwa jicho moja. Likimridhisha ndipo linaingia sufuriani. Na hapo sasa alikuwa na kituko chake. Hesabu ya dakika haianzi mpaka maji yatokote kwa nguvu na kila chuma kiwe kimezama. Ukija wewe na kimkasi ulichokisahau, ukakitumbukiza katikati, umeharibu. Anaanza kuhesabu upya, na mteja atasubiri. Tena alikuwa akiongeza muda. Alisema huku kwetu juu maji yanatokota kabla hayajapata moto kama ya bondeni Rukwa. Mimi nilidhani ni uzee unamsumbua, hadi mwalimu mmoja wa sayansi alipokuja kuniambia kwamba ni kweli tupu.

Vyombo vikishapoa vilikaushwa, vikafungwa seti seti kwenye vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi, na kila mteja alifunguliwa seti yake mbele ya macho yake mwenyewe. Tupa ya kucha, kwa kuwa haichemshiki, mteja alipewa aende nayo nyumbani. Ndivyo alivyofanya kwa mke wa mkubwa na kwa mama muuza samaki, migebuka ya Wampembe, bila tofauti.

Sasa mimi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mhunzi. Ukoo wetu ni watu wa chuma. Wazee wa zamani waliyeyusha mawe kwenye matanuri marefu ya udongo, na babu mwenyewe alifua majembe na visu kwa springi za magari mabovu. Nyumbani kwetu chuma kikishapita motoni hakina deni tena na mtu. Kisu kikimkata mmoja wetu, kiliingizwa kwenye makaa, kikatoka, basi, kimetakata, na hakuna aliyeuliza habari za sabuni. Nimekulia humo. Kwa hiyo nilipomwona Mama Oresta na mswaki wake, moyoni nilikuwa nacheka. Nilijisemea, huyu mama hakijui chuma, chuma tunakijua sisi.

Jumamosi hiyo ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya kung'ata, kila mguu una magaga. Walikuja wanawake tisa kutoka Izia kujiandaa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti yao anayeolewa. Mama Oresta alikuwa ameitwa kwenye jumuiya ya kanisa, kuna mgonjwa anaombewa, akaniachia saluni kwa neno moja tu: "Usikimbie." Nikamwitikia vizuri, na alipopinda kona nikaanza kukimbia.

Shangazi wa bibi harusi alikuwa na ukucha wa kidole gumba ulioingia nyamani. Nilipoukata ukatoka damu. Nikamfuta, nikamtania, akacheka, akainuka kitini. Aliyefuata alikuwa Bibi Leokadia, nyanya yake bibi harusi, mkulima wa ulezi, mzee mwenye macho makali na ulimi mkali zaidi. Akakaa, akaweka mguu, akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi nina sukari. Nikate polepole, kidonda kwangu hakiponi upesi."

Seti zote zilikuwa zimetumika tangu asubuhi. Kilichotakiwa ni kuosha, kuchemsha na kusubiri. Lakini wanawake saba waliobaki walikuwa wananitazama, binti wa watu ana sherehe jioni, nami nilitaka waseme kwamba msichana wa Mama Oresta ana mkono mwepesi. Nikalichukua lile koleo la shangazi, nikalipangusa kwa spiriti, nikalisukuma kwenye jiko la mkaa. Likakaa kidogo, nikalitoa, nikalizamisha majini, chwaa! Nilimkumbuka babu, nikajisifu. Kisha nikamkata nalo Bibi Leokadia, na kwa ile haraka yangu nikaigusa nyama ya kidole chake cha mwisho. Likatoka tone moja tu la damu.

Mama Oresta akaingia wakati huohuo. Alitazama kile kidole, akalitazama koleo, akatazama sufuria iliyokuwa imefunikwa, baridi.

"Koleo hili limechemka saa ngapi?"

"Limechemka, mama."

Nilidanganya bila hata kupepesa macho, mwanangu, naona aibu mpaka leo. Hakubishana nami. Alichukua sindano ya kushonea, akalipanua koleo, akachokonoa pale linapokunjikia, na juu ya kitambaa cheupe ukadondoka unga mweusi kidogo. Nikababaika, nikasema nimelipitisha motoni, nyumbani kwetu ndivyo tunavyofanya. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Moto wako umeikaanga damu humohumo, haukuitoa. Babu yako alikuwa anatengeneza jembe. Jembe haliingii kwenye nyama ya mtu."

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipomjua Mama Oresta ni nani. Hakuna aliyekuwa ameelewa chochote. Wanawake wanapiga soga, Bibi Leokadia amefumba macho, amejiegemeza. Mama Oresta angeweza kufuta kile kidole, akapaka dawa, akanisema baada ya wageni kuondoka, na saluni ikabaki na jina lake. Badala yake alipiga magoti na unene wake wote mbele ya yule mzee, akamwambia, "Bibi, tumekukata kwa chuma kichafu, chenye damu ya mwenzako. Kosa ni la saluni yangu. Inuka twende hospitali sasa hivi."

Mama wee! Palilipuka. Mmoja alituita wauaji, mwingine akabeba viatu vyake mkononi, na bibi harusi mtarajiwa alitoka na mguu mmoja mwekundu na mwingine haujapakwa kitu. Shangazi mtu naye aliondoka akitusonya. Nilitamani ardhi inimeze.

Hospitali nilidhani Mama Oresta ataongea. Kumbe! Alinishika bega, akanisogeza mbele ya daktari: "Sema wewe uliyefanya." Nikasema neno kwa neno, hadi ule uongo wangu. Wakamwosha kidonda, wakampa dawa, wakampangia na tarehe za kurudi kupimwa damu. Na kuanzia kesho yake, kila asubuhi, mimi na Mama Oresta tulitembea kutoka Majengo hadi Izia kukitazama kidole kile.

Siku ya nne tulikikuta kimevimba, wekundu unapanda juu ya mguu. Bibi Leokadia hakututukana. Alisema tu kwamba jirani yake mwenye sukari alianza hivihivi, na sasa anatembelea gongo. Niliogopa, mwanangu. Nilikuwa nautazama mguu wa mzee wa watu, mguu uliolima miaka hamsini, nikajua ukikatwa nimeukata mimi.

Tukamrudisha hospitali, wakamlaza. Nilikuwa nikimpelekea uji wa ulezi usio na sukari, namfulia nguo, nafagia chini ya kitanda chake hata pakiwa safi. Njiani siku moja nilimuuliza Mama Oresta, kwa nini hakunyamaza siku ile. Alinishangaa kweli. "Ningenyamaza, angekaa nyumbani na kidole mpaka kioze. Angejuaje kwamba kinamhusu daktari?" Basi, jibu lake lilikuwa hilo tu, na akaendelea kutembea. Nami niliyekuwa nikimcheka kwa mswaki wake nilimtazama mgongoni nikasema, Mungu wangu, huyu ni mtu.

Mguu ulipona. Daktari mwenyewe alisema ni kwa sababu aliletwa mapema na kwa sababu ukweli ulisemwa wote. Vipimo vya damu navyo, hadi cha mwisho miezi kadhaa baadaye, vilitoka vizuri. Lakini saluni ilikuwa imepoa. Wiki nzima zinapita, mlango uko wazi, hakuna anayeingia. Mama Oresta hakunifukuza. Kila asubuhi tuliosha na kuchemsha vyombo visivyomgusa mtu, kwa muda uleule, kisha tukavifunga, tukakaa.

Siku moja asubuhi akaingia Bibi Leokadia, kwa miguu yake miwili. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, akakaa kwenye kile kiti, akavua kiatu. Mama Oresta akanyanyuka kuchukua glavu. Bibi akamzuia kwa mkono.

"Wewe kaa. Anikate huyu."

Nilidhani ananidhihaki. Nikafungua seti, lakini akakataa. Alitaka aone mwenyewe tangu mwanzo. Basi nikaosha upya mbele yake, nikasugua maungio kwa mswaki, nikanyanyua dirishani, nikaweka sufuriani. Maji yakatokota, naye akanikazia macho yake makali, ananisubiri muda wote ule bila kulalamika. Ilipofika wakati akauweka mguu juu ya paja langu, ule wenye kovu kwenye kidole cha mwisho. Machozi yakanidondoka juu ya mguu wake.

"Unalia nini?" akasema. "Kata kucha, nina safari ya shamba."

Nikakata, polepole. Alipotoka aliwapitia wale wanawake wa Izia mmoja mmoja, akawaonyesha mguu. Hakuna mtu aliyewahi kuniamini kiasi kile tena, hata mume wangu, na ni mume mwema.

Mwanangu, nyinyi vijana mna mikono ya ajabu. Maua mnayochora kwenye ukucha mdogo namna ile mimi siyawezi, nayatazama nafurahi kama mtoto. Lakini mteja anapokupa mkono wake hajui koleo lako lilitoka kwa nani. Unajua wewe peke yako. Kwa hiyo lioshe kwanza kwa sabuni, ulipanue, usugue ndani, maana dawa haipiti kwenye uchafu wala moto hauuondoi. Kupangusa kwa spiriti si kuosha. Kama una dawa ya kuloweka, soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa na ufuate muda ulioandikwa humo, usipunguze kwa sababu foleni ni ndefu. Na chuma usikilaze kwenye jiki kutwa nzima, kitashika kutu na kutu huficha uchafu. Mimi sasa nina mashine ya mvuke, ndiyo bora. Ukipata uwezo nunua, na kwa sasa njoo utumie yangu, mlango unaujua. Kaushia kitambaa safi, funga, mfungulie mteja akiona. Na siku ukikosea, kwa sababu utakosea, mwambie mtu huyo saa ileile, kwa kinywa chako, kabla hajavaa viatu. Atakukasirikia, na wengine watakukimbia. Acha wakukimbie kwa miguu yao mizima.

Haya, nipe mikono yako niishike. Mungu aibariki. Aiondolee haraka, aipe adabu, na kila atakayekaa mbele yako, tajiri kwa maskini, mzima kwa mgonjwa, ainuke akiwa salama kuliko alivyokaa. Nenda mwanangu, kamwage yale maji ya bakulini.