Mfereji wa Kukanyaga

Pandu, fundi bomba wa Ole, Pemba, alikuwa hapendi kuona watu wanatia udhu huku mfereji wa bomba umeachwa wazi na mazungumzo yanaendelea. Kila Ijumaa tangi la msikiti lilikauka kabla ya hotuba. Basi akaunda mfereji wa kukanyaga: ukiondoa mguu, springi inarudi na maji yanakata. Akaufunga msikitini, akautia wakfu, na imamu akamuombea dua mbele ya watu wote.

Raha ikamzidi. Akapanda boti kwenda Unguja kuomba hataza, ili ijulikane kuwa mfereji ule kaubuni yeye.

"Umeshamuonesha mtu?" afisa akamuuliza.

"Watu wa sala ya Ijumaa tu."

Afisa akacheka taratibu. "Mzee wangu, basi mfereji wako umeshakuwa wa watu. Hataza inataka kitu ambacho hakijaonekana."

Pandu akarudi Pemba, akayahadithia nyumbani. Mkewe, Yumna, akamwambia, "Baba Siti, na wewe umetaka thawabu na hataza kwa mpigo mmoja."

Neno lile lilimuuma, lakini hakukaa nalo. Akaanza kuunda mfereji mwengine, wa kusukuma kwa goti, nyuma ya nyumba, kauzungushia makuti pande zote. Siku moja Yumna akasikia maji yanakata na kutoka, akasogea.

"Hebu nione."

"Mpaka hataza itoke."

"Hata mimi mkeo?"

"Wewe ndio wa mwanzo utakaeuhadithia kisimani."

Yumna hakubisha, maana ni kweli. Akamuwekea chai yake nje ya makuti, akenda zake.