Mikono ya Mama Mezani pa Bwana

Baba yangu hafundishiki, na mimi mwalimu mzima nikajitia kumfundisha.

Tulipotoka kambi ya wakimbizi Tanzania na kurudi kwetu Minago, kanisa lilimchagua mtu mwingine, si Baba, kuwa mchungaji. Huyo aliwapokea tena waumini waliowahi kwenda kwa waganga, mradi watubu. Baba, mzee wa kanisa tangu kambini, akasema aliyekwenda kwa mganga amemkana Kristo, hana msamaha. Akaita wazee watatu kutoka milimani, akawalisha samaki mpaka wakashindwa kuinuka, nao wakamwekea mikono awe mchungaji. Tukawa na wachungaji wawili wasiosalimiana.

Nilitaka aone haya. Nikamsimulia habari za padri mmoja wa Roma, karne ya tatu, aliyejifanya askofu wa pili kwa sababu hakutaka walioikana imani wakati wa mateso warudishwe. Wapinzani wake, ambao huenda walitia chumvi, waliandika kwamba alipogawa mkate aliikamata mikono ya muumini, asiiachie mpaka muumini aape kutomrudia yule askofu wa kwanza. Baba alinisikiliza kuliko alivyowahi kunisikiliza. Nikajisifu moyoni, mjinga mimi.

Jumapili iliyofuata akaanza kuwaapisha watu vilevile, na kiapo akakitunga mwenyewe: waape kwamba hawajawahi kwenda kwa mganga.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama alikuwa kwenye mstari, mbele yangu. Kule kambini, nilipokuwa mdogo nikiugua degedege, alinibeba kwa mganga kwa siri, na siri hiyo tuliijua yeye na mimi tu. Mama naye hajui kusema uongo. Hata akiuza mawese sokoni hutaja kasoro zake kabla mteja hajaonja.

Baba akamwekea mkate kiganjani, akaikamata mikono yake yote miwili.

"Apa, mama. Apa kama haukuendaka kwa mufumu hata siku moja."

Mama akajibu bila kuivuta mikono yake.

"Muzee, nilienda. Mutoto alikuwa anakufa."

Baba hakuuliza ni mtoto yupi. Alimfumbua vidole kimoja kimoja, akauchukua mkate, na mama akatoka nje peke yake.

Aliyefuata nilikuwa mimi. Baba akaniwekea mkate uleule, akanikamata mikono, akaniuliza kama alivyomuuliza mama.

Nikaapa.