Vidonge vya Magoti ya Mama

Tangu damu imgande mguuni, Mama anameza dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi. Mimi ndiye mkalimani wake hapa London. Nikitoka kusafisha ofisi namkimbiza kliniki, na kila wakiuliza kama anatumia dawa nyingine najibu papo hapo: hapana. Hata simgeukii. Nilijiona hodari kweli!

Asubuhi moja nikakuta damu kwenye sinki. Alikuwa amepiga mswaki tu. Mikononi, damu imevilia huku na huku. "Nimejigonga mlangoni," akasema. Mlango gani huo, jamani, unaogonga mikono yote miwili?

Nikamburuta hadi duka la dawa la mtaani kwetu, Kilburn. Mfamasia, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, akauliza swali lile lile kwa Kiingereza, nami nikaanza na hapana yangu. Akaniinulia kiganja, akamgeukia Mama kwa Kiswahili. "Mama, magoti yakiuma unafanyaje?"

Mama akafungua mkoba. Vidonge vya diklofenaki, vya kutuliza maumivu, vimefungwa kwenye tishu.

"Hizi si dawa," akasema. "Ni za magoti tu. Wenzangu wa maombi wananiletea."

Kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu kwetu ni aibu, na hao akina mama wote wanaumwa magoti.

Mfamasia hakucheka. Akanieleza kwamba kidonge kile kinaweza kuchubua tumbo, na kwa dawa aliyonayo Mama, damu ikianza kutoka haikomi upesi. Angeweza kuvuja damu tumboni nisijue, nikampoteza. Akapiga simu, na siku ile ile Mama akapimwa hospitalini. Niliogopa, kisha nikakasirika. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.

Jumapili nikaenda kwenye maombi nikiwa nimepania kuwachana laivu. Nikasimama katikati ya sebule, nikawaambia: Mwenye dawa za presha, za moyo, za damu, asimeze tena kidonge cha mwenzake kabla ya kumuuliza mfamasia. Nikarudia mara mbili. Mwenzao mmoja, aliyekuwa akimletea Mama vidonge kuliko wote, akashusha macho.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyetaka kumuua mwenzangu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mama akaniwahi.

"Wewe uliniuliza naumwa wapi," akamwambia. "Huyu wangu mwaka mzima hajaniuliza kitu. Anajibu tu."