Nilijua Kilichomo Kwenye Damu Yetu, Nikanyamaza

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Nilijua jambo ambalo pengine lingemwokoa mama yangu mdogo, nikalifunga moyoni.

Mimi ni mkulima wa kijiji cha Buger, wilayani Karatu. Mwaka jana mama yangu mzazi alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Tulimpeleka hospitali Karatu mjini, wakachukua damu ikaenda kupimwa mbali. Majibu yaliporudi, daktari aliniita peke yangu.

"Kila mtu ana protini za kugandisha damu," alisema. "Bila hizo ungejikata na jembe damu isikome. Ila mama yako amezaliwa na tofauti kwenye vinasaba, damu yake inaganda hata pasipo jeraha, na bonge lake ndilo lililoziba mshipa wa ubongo. Jambo hilo hurithiwa. Si kila aliye nalo atapata kiharusi, lakini umri ukisogea na presha ikipanda, hatari inakua. Waambie ndugu zake waje tuwaangalie."

Ndugu wa mama aliyebaki alikuwa mama mdogo tu. Nyumba yake iko ng'ambo ya korongo, naiona nikisimama mlangoni.

Sikumwambia. Binti yangu alikuwa amechumbiwa na kijana anayeendesha gari la watalii, na wakwe walikuwa njiani kuja kumaliza mazungumzo. Kwetu, habari ya ugonjwa wa ukoo ikishatoka hairudi. Nikajisemea, harusi ipite kwanza.

Siku moja mama mdogo alikuja kunisaidia kupepeta maharage. Ungo ukamponyoka. Alipotaka kusema, maneno yalimtoka kama ya mlevi, mdomo umeenda upande. Muda si muda akarudi sawa, akacheka.

"Mwanangu, huu ndio uzee?"

Nilijua. Nikamjibu, "Ni jua tu, mama mdogo. Kapumzike."

Akaniamini. Wiki hiyohiyo alianguka zizini akikamua.

Tangu hapo hajatamka neno. Nilikuwa naenda kumlisha uji, naye ananitazama tu. Nilianza kuyaogopa macho yale. Wanawe walinishukuru, wakasema nina huruma. Hapo nikashindwa kuvumilia, nikamweleza mwanawe mkubwa, Paskali, kila kitu.

Alichukua bakuli mkononi mwangu polepole, akaendelea kumlisha mama yake mwenyewe.

"Na sisi je?" aliuliza bila kunitazama. "Ulitaka tujue lini?"

Niliinuka nikatoka. Sijakanyaga kwao tena.

Harusi ilifungwa. Sasa binti yangu ni mjamzito, na nimeambiwa mimba nayo huzidisha kuganda kwa damu. Mimi mwenyewe sijapima. Mkono ukifa ganzi kidogo tu, nakimbilia kioo kuangalia kama mdomo umepinda. Nasema jina langu kwa sauti nione kama ulimi bado wangu.

Leo asubuhi nimempigia binti yangu, aje twende wote hospitali.

"Mama, kuna nini?" akauliza.

Nimemwambia. Amelia sana, kisha akakata simu. Sijui kama atakuja.

Wenzangu, daktari akikupa habari ya damu ya ukoo wenu, habari hiyo si mali yako. Wafikishie wote, hata kama kuna harusi. Na mtu akipinda mdomo au kupoteza usemi, hata akirudi sawa papo hapo, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Mimi nilikuwa na nafasi hiyo, mgonjwa akiwa ameketi mbele yangu, nami nikamdanganya.