Ukanda wa Mama Kwenye Keria ya Landrova

Samli ikianza kuyeyuka juu ya chuma chenye joto hutoa harufu ya maziwa yaliyokaa, na ndani yake, ukivuta pumzi vizuri, kuna harufu ya ngozi ya ng'ombe. Wengine waliokulia nchi ya majani chai hupenda kusimulia harufu ya kiwanda, ile iliyoshuka mabondeni alfajiri kama nyasi zinazochemshwa, au umande uliotulowesha hadi mapajani kabla jua halijatoka. Hayo nayo nayakumbuka. Lakini mimi nikitaka kurudi utotoni upesi, naifikiria samli juu ya chuma, na moyo wangu unafurahi furaha ambayo mchungaji wetu hangeipenda. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Uhuru ulikuwa umeshapatikana, bendera tulikuwa tumeimbia shuleni, lakini kule shambani kwetu, upande wa Boito, mzungu msaidizi wa meneja bado alikuwa akiitwa Bwana na sisi bado tulikuwa tukimpisha njia.

Wazazi wangu walikuwa wametoka Kisii kuja kutafuta kazi, kama majirani zetu wengi kwenye zile nyumba za laini, nyumba za wafanyakazi zilizojengwa kwa safu. Baba alikuwa akitia kuni kwenye tanuri za kiwanda. Mama, jina lake Kemunto, alikuwa mchumaji, na hakuna aliyemshinda: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Wachumaji wote walipewa makapu yenye kamba za katani za kuyabebea mgongoni. Mama peke yake alikuwa na ukanda wa ngozi. Ng'ombe wa kwanza wa mahari yake alipokufa kwa uzee, nyanya yangu aliikata ngozi yake, akaipiga na kuisugua hadi ikalainika, akampa binti yake alipokuwa akiondoka kuja huku kwenye chai. Ulikuwa mpana kama kiganja, mrefu kuliko mtu mzima, na ulipopita juu ya mabega haukuuma. Kila Jumapili jioni mama aliuchua kwa samli kidogo kutoka kwenye mkebe uliokaa rafuni, kwa kidole kimoja tu, kama anayempaka mtoto mafuta.

Bwana huyo alikuwa kijana bado, mwekundu wa shingo, na alikuwa na Landrova yenye keria ya chuma juu, iliyopakwa rangi nyeusi. Watu walimwita Bwana Machela. Kila asubuhi, mwendo wa saa nne hivi, dereva wake aliliegesha gari mwisho wa shamba karibu na mizani, penye mkaratusi mmoja mkubwa. Hapo Bwana alitoa machela yake, kitambaa kizito cha turubai chenye pete ya chuma kila upande. Upande mmoja aliufunga kwenye mti, upande wa pili kwenye keria ya gari, kisha akapanda na kulala kati ya gari na mti, kofia usoni, kiatu kikining'inia. Chini yake ulipita mtaro wa maji ya mvua. Sisi tulipita hapo hapo tukipeleka majani kwa karani, migongo imepinda, na yeye alikuwa akibembea. Alikuwa akijisifu kwamba alifundishwa mafundo jeshini, na kwamba fundo lake halijawahi kumwangusha.

Wiki ya kwanza ya masika kamba yake ya upande wa gari ilikatika, kwa sababu katani ikisuguliwa na chuma na kulowa kila siku lazima ioze. Aliinuka, akajipangusa, akawatazama wanawake waliokuwa foleni kwenye mizani. Jicho lake likatua kwa mama. Akaja, akauvuta ukanda mkononi, akaujaribu nguvu kwa goti.

"Hii kamba ya wewe mzuri sana," alisema kwa Kiswahili chake. "Mimi naazima. Kesho narudisha."

"Bwana, huo ni wa mama yangu," mama alimwambia. "Umetoka kwa ng'ombe ya mahari."

"Kesho," alisema, na tayari alikuwa akiufungua kwenye kapu.

Mbele ya watu wote mama alibaki na kapu limemwagika majani miguuni. Nilikuwepo. Niliokota majani yale pamoja naye, na alikuwa hanitazami. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini ukanda ule ulimsitiri yule mtu vizuri miezi mitano mizima. Aliufunga kwenye keria kwa fundo lake la jeshini na akauacha huko huko, usiku na mchana. Akitaka kulala alitundika pete ya machela kwenye kitanzi cha ukanda, basi. Mvua ikaunyeshea, jua likaukausha. Mama aliuulizia mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa kesho. Mara ya pili pia. Mara ya tatu Bwana hakuitoa hata kofia usoni.

Kamba za katani zilimla mama mabegani. Kwanza yalikuwa malengelenge, kisha vidonda, na vidonda kwenye baridi ya huku haviponi haraka, kwa sababu nguo hazikauki. Nilikuwa nikimwosha jioni kwa maji ya chumvi. Hakulia, alikuwa akihesabu tu watoto wa majirani kwa majina hadi nimalize. Baba alisema mwenye nguvu mpishe. Mama alisema kisasi ni cha Mungu, sisi tuombe. Nami niliomba, nakiri, lakini sikuomba kama walivyonifundisha. Niliomba Mungu anionyeshe njia, na kama ana kazi nyingi, aniachie mimi. Nilimchukia yule mtu kuanzia kiatu chake kinachoning'inia hadi shingo. Nilikuwa naamka na chuki, nakwenda nayo shuleni, narudi nayo. Na kila nikiinua macho nyumbani, nauona ule mkebe wa samli rafuni, umejaa, hauna kazi.

Likizo ya Agosti ilipofika ndipo njia ikaonekana. Dereva wa Bwana alikuwa Mkipsigis wa makamo, arap Korir, mtu wa maneno machache aliyefuga ng'ombe kwake upande wa Kiptere. Alfajiri alikuwa akiosha gari kwenye kijito nyuma ya laini zetu, Bwana akiwa bado usingizini. Nikamwendea na mkebe chini ya sweta.

"Chamgei, mzee," nilimsalimu kwa lugha yake.

"Chamgei mising. Wewe si mtoto wa Mama Moraa? Unataka nini kwa gari asubuhi hii?"

Nikamwambia nataka kuupaka mafuta ukanda wa mama, kwa sababu unapasuka. Huo haukuwa uongo. Ulikuwa umekauka, umefanya nyufa kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Arap Korir aliutazama kwa muda, akaugusa, na niliona uso wake umebadilika, maana watu wa ng'ombe hawapendi kuona ngozi ikiteswa.

"Ngozi ikikosa mafuta inakufa," alisema. "Paka. Lakini usipake mingi. Ukipaka mingi hapa kwa fundo, na hii chuma imepakwa rangi, jua ikitoka itateleza." Akanitazama machoni. Kisha akachukua ndoo yake akashuka kijitoni kuteka maji, na hajapata mtu kuchelewa kuteka ndoo moja kama alivyochelewa yeye.

Nilipanda kwenye gurudumu, nikapanda juu ya keria. Niliupaka ukanda wote kwanza, polepole, kwa kidole, kama mama. Kisha nikafika kwenye fundo. Nililegeza mikunjo yake kidogo kwa ncha ya kijiti, nikashindilia samli humo, nikapaka na chuma chini yake, nikashindilia tena, hadi mkebe ukaisha na nikaukomba kwa ukucha. Asubuhi za huku ni baridi, na samli iliganda papo hapo ikawa nyeupe kama nta. Niliipaka vumbi la masizi kutoka kwenye bomba la moshi la gari isionekane. Mikono yangu ilikuwa imetulia. Nasema hivyo kwa sababu watu hudhani mtoto hufanya mambo kama hayo akitetemeka.

Siku hiyo mawingu yalichelewa. Saa nne Bwana alitundika machela yake kama kawaida, akapanda, akafunika uso. Nilikuwa nachuma mstari mmoja na mama, nikiwa nimechagua vichaka vya karibu na mkaratusi. Jua likapanda. Ile keria nyeusi ikaanza kushika joto, na upepo ukaniletea harufu: kwanza maziwa, kisha ngozi. Mama naye aliinua kichwa. Akanusa, akaniangalia, na mikono yake ikasimama kuchuma. Fundo la jeshini lilifunguka taratibu bila kelele yoyote, ukanda ukapita juu ya chuma kama nyoka anayeingia shimoni, na Bwana akaenda chini na machela yake, bega lake likagonga ukingo wa mtaro. Tulisikia mfupa.

Hakuna aliyecheka. Wanawake kama arobaini walisimama na makapu yao wakimtazama akijikunja kwenye matope, na kimya kile ndicho kilichonipendeza kuliko kitu chochote. Bwana aliuliza kwa sauti kali ni nani aliyefunga ukanda. Karani, kwa adabu nyingi, akamjibu, "Ni wewe mwenyewe, Bwana. Hakuna mtu mwingine anajua hiyo fundo." Wakamwingiza kwenye Landrova, na arap Korir akampeleka hospitali. Kulikuwa na njia mbili, ya changarawe na ile ya mashimo inayopita mtoni. Akachukua ya mtoni. Wakati watu wakilitazama gari likirukaruka kuteremka bonde, mimi nilichomoa ukanda kwenye pete ya machela, nikaukunja, nikauweka ndani ya kapu la mama chini ya majani.

Jioni mama aliushusha mkebe rafuni, akachungulia ndani.

"Moraa, samli imeenda wapi?"

"Kwa ukanda, mama."

"Yote?"

"Yote."

Akaufunika mkebe akaurudisha mahali pake. Nilingojea fimbo. Nyumbani kwetu chakula kilikuwa kikipakuliwa kwa baba kwanza, halafu kaka zangu, halafu sisi wasichana na kile kilichobaki kwenye sufuria. Jioni ile mama alimega ugali wa kwanza, akauweka kwenye sahani pamoja na kipande cha nyama kilichokuwa cha baba, akanikabidhi mimi. Baba akamtazama mkewe, kisha akavuta sahani yake. Kesho yake mama alikwenda kuchuma na ukanda wake mabegani.

Bwana alirudi baada ya wiki kadhaa, mkono umefungwa shingoni, na mwaka uliofuata alihamishwa. Nasikia bega halikukaa sawa tena. Wapo walioniambia, nilipokwisha kuwa mtu mzima na mama amezikwa, kwamba umefika wakati wa kumsamehe, na huenda yeye mwenyewe amekwisha kufa. Huenda. Mabega ya mama yalibaki na makovu hadi tunamwosha kwa mazishi, niliyaosha mimi, na hadi leo sijaona sababu ya kusamehe kitu ambacho hakuna aliyeniomba msamaha wake.

Sasa nina shamba langu dogo la chai, na mjukuu wangu ana gari la mlimani lenye keria pana. Mwezi uliopita alikuja na wenzake kulala kwenye hema mwisho wa shamba, akaleta machela ya nailoni nyepesi kama leso, akataka kuitundika kati ya gari na mti. Kamba moja ilikuwa imesahaulika Nairobi. Akaja mlangoni, akasema, "Nyanya, naomba niazime ule ukanda wako wa ngozi. Jioni nitakurudishia." Nilimtazama hadi akahama mguu. Ukanda ulikuwa msumarini, nimeupaka samli Jumapili iliyopita kama kila Jumapili. Niliutoa, nikaketi nao kizingitini, nikachukua kitambaa kikavu nikaupangusa, upande huu na upande huu, nikarudia tena, hadi kitambaa kikawa hakitoki na mafuta. Ndipo nikampa.