Senti Kumi Chini ya Kisahani

Kabla ya kwenda Geita kufanya kazi mgodini, nilikaa Shinyanga mjini kwa mjomba wangu, mhudumu wa mkahawa ulio karibu na stesheni ya reli. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri lakini wa polepole. Mwalimu alikuwa anafuta ubao, mimi bado niko mstari wa pili.

Kwa mjomba nilijifunza jambo moja tu. Wazungu na wanunuzi wa pamba walipomaliza chai yao waliacha senti chini ya kisahani, na mjomba alizizoa bila kuzitazama, kama mtu anayefuta makombo. Ziliitwa bakshishi. Nikaona huo ndio ustaarabu: mmoja anatoa, mwingine anapokea, na hakuna aliyelazimika kufungua mdomo.

Geita nilipewa kazi ya kugawa taa kwa watu wanaoshuka shimoni. Ilinifaa, kwa sababu ilifanyika kwenye dirisha dogo. Mtu akitaja namba yake, nampa taa, anaondoka. Mchana nilikula kwenye hoteli ya mama mmoja mjane, Msumbwa kutoka Ushirombo, nyumba ya udongo yenye mabenchi manne na paa la madebe. Aliyehudumia alikuwa binti yake.

Uso wake siwezi kuueleza sana, maana sikuwahi kuutazama kwa muda wa kutosha. Nakumbuka zaidi mikono, ambayo ndiyo iliyopita mbele ya macho yangu nikiwa nimeinama. Alikuwa na kovu la mafuta ya maandazi juu ya kidole gumba cha kulia.

Kufikia wiki ya pili nilijua kwamba nataka kumwoa. Kazi ilikuwa kumwambia. Nikaanza kumwandikia barua, na baada ya mwezi mmoja nilikuwa nimefika "Salamu nyingi sana, ama baada ya salamu". Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba. Siku hiyo nilipomaliza chai niliweka senti kumi chini ya kisahani, ile ya shaba yenye tundu katikati, nikatoka mbio kama mtu aliyeiba kisahani chenyewe.

Kesho yake andazi langu lilikuwa kubwa kuliko ya wenzangu. Nikaacha nyingine. Ikaendelea hivyo kila siku, hadi nilipoona amezitunga senti zangu kwenye uzi mwekundu, kupitia yale matundu, na kuzitundika msumarini karibu na mlango wa jikoni. Chai ilinishinda kwa furaha. Nilijiambia kwamba barua imefika, tena bila kuandikwa.

Lakini wengine nao walikuwa na macho. Jumapili moja, hoteli imejaa watu waliotoka kanisani na wasiotoka kanisani, mama alizitungua zile senti, akaja nazo hadi mezani kwangu. Binti alisimama mlangoni mwa jikoni, ameshika birika.

"Kijana wa taa," mama akasema, "mwanangu ananiambia hizi unaziacha wewe. Mimi ni mzazi, siwezi kunyamaza. Ni za nini?"

Leo najua kwamba alikuwa ananifungulia mlango. Ningesema neno moja tu, au hata ningeinamisha kichwa, ambalo ni jambo ninaloliweza sana. Lakini watu wote walikuwa wameacha kutafuna.

"Ni bakshishi, Mama," nikasema.

Mzee mmoja wa Kisukuma, mfanyabiashara wa ng'ombe, akarudisha tonge kwenye sahani. "Bakshishi ndiyo nini?"

"Ni kumshukuru aliyekuhudumia, mzee."

"Kushukuru si kwa mdomo? Wewe, ng'wana wane, mwanangu, mama yako akikupakulia ugali unamwachia senti?" Watu wakacheka. "Mimi nikikukaribisha kwangu, ukila ukaniachia hela, nitajua umenitukana. Na ukimwachia binti yangu, nitakuuliza ng'ombe wako wako wapi."

"Huyu ng'ombe awatoe wapi? Labda alete taa," akasema dereva wa lori la pamba, mtu wa Tabora mwenye sauti ya kusikika juu ya injini. "Mimi nakula hapa mwaka mzima, sijaacha hata senti tano. Nikimtaka mtu, nitasema namtaka. Huyu anataka, anaogopa."

Alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana ilibidi nimshinde. Mimi ambaye sikuwahi kusema maneno kumi mfululizo nilisimama nikahutubia. Nikawaeleza habari za stesheni ya Shinyanga. Nikasema bei ya chai ni ya majani na sukari, miguu ya anayeileta haimo. Nikasema bakshishi haichagui mwanamke wala mwanamume, kwani mjomba wangu ana ndevu hadi kifuani, anaachiwa senti kila siku, na hakuna Mzungu aliyekwenda kumposa. Hoteli nzima ilicheka. Hata dereva alicheka. Utamu wa kusikilizwa sikuwa nimewahi kuuonja, nikazidi kuendelea.

Mama hakucheka. "Kwa hiyo hizi hazina maana nyingine yoyote?"

"Hazina, Mama. Hata ningehudumiwa na mbuzi, ningeacha."

Yule mzee akapiga makofi. "Nimeshindwa," akasema. "Huyu amesoma." Akatoa senti tano, akaiweka chini ya kisahani chake mbele ya watu wote, na wengine wawili watatu wakafanya vilevile. Niligeuka kutazama mlango wa jikoni nipate sifa yangu. Birika lilikuwa chini sakafuni, na binti hayupo.

Siku iliyofuata nilikuta kikombe cha bati karibu na mlango, na senti zangu zote ndani yake. Ule uzi mwekundu ulikuwa umefunga mfuko wa chumvi.

"Bakshishi inawekwa kule, kaka," binti akaniambia. "Tutagawana na mpishi." Andazi langu lilikuwa sawa na la kila mtu.

Usiku ule niliandika kwa kasi ambayo mwalimu wangu asingeiamini, na katika wiki tatu barua ilifika ukurasa wa pili. Wiki ya nne dereva alikuja hotelini na baba yake mdogo kutoka Runzewe. Akamwambia mama anachotaka, kwa ile sauti yake, na mtaa mzima ukasikia.

Siku ya harusi watu wa kuhudumia walipungua. Mama akaniomba nisaidie kubeba chai, kwa kuwa, alisema, mambo hayo ninayajua. Nilizunguka na birika hadi kwa yule mzee wa ng'ombe. Alipomaliza kunywa aliniita, akainua kisahani chake ili niione vizuri senti kumi aliyoiweka chini yake.

"Chukua, ng'wana wane," akasema. "Hii nimejifunza kwako."

Nikaichukua. Nisingeweza kukataa, nilikuwa nimekwisha kuwaeleza watu wote kwamba haina maana yoyote.