Siku Papa Alipongoja Mbarara

Harufu ya nguo yenye unyevu ikiguswa na pasi ya makaa hainipiti hivi hivi. Hata nikiisikia mlangoni kwa dobi nisiyemjua, nasimama kidogo, na papo hapo namwona Papa, baba yangu, katika nyumba yetu ya udongo kule Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, ameinama juu ya meza akinyoosha shati jeupe alilolivaa Jumapili tu. Siku hiyo haikuwa Jumapili. Ilikuwa Jumatano jioni, na kesho yake tulikuwa tunakwenda mjini Mbarara.

Najua wapo watakaocheka. Mbarara si mwisho wa dunia. Ukiondoka kambini asubuhi, jioni umesharudi na sabuni yako na mafuta yako ya kupika. Lakini miaka ile mkimbizi aliyetaka kutoka aliomba kwanza karatasi ya ruhusa ofisini, na karatasi tuliyopewa sisi ilikuwa ya siku moja. Saa kumi na mbili jioni tuwe tumesharudi. Siku hiyo moja, Papa aliipanga kwa wiki tatu.

Sababu ya safari ilikuwa dada mkubwa wa mama, Mama Riziki. Wakati wa vita, tulipotoka kwetu Kivu ya Kusini, sisi tuliingia upande mmoja na yeye upande mwingine. Sisi tukafika Uganda, yeye akabaki Burundi. Mimi sikumjua, nilikuwa mtoto wa mgongoni. Nilimjua kwa sala tu, kwa sababu kila jioni jina lake lilitajwa, baada ya chakula na kabla ya wagonjwa. Miaka kumi ilipita hivyo. Halafu mtu mmoja wa kanisa letu akaleta habari: Mama Riziki alikuwa anahamia Nairobi na mwanawe, na basi lao lingepita Mbarara siku ya Alhamisi. Lingesimama nusu saa ili abiria wapate kula. Nusu saa tu, halafu Kampala, halafu mbali.

Mama alipoisikia habari hiyo alikaa chini palepale mlangoni, na ungo wa maharage mapajani. Papa yeye alikwenda kutafuta daftari.

Kule Congo Papa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Uganda alikuwa mkulima wa mahindi, lakini ualimu haukumtoka. Alipiga mstari kwa rula, akaandika juu kabisa PROGRAMU YA SAFARI, na chini yake akaanza kujaza saa. Kuamka. Kusali. Kutoka nyumbani. Pikipiki hadi Rwekubo. Taksi, maana ndivyo Waganda wanavyoyaita mabasi madogo, hadi Mbarara. Aliwauliza watu wote waliowahi kufika mjini, mmoja mmoja, barabara ikoje, wapi panateleza mvua ikinyesha, mabasi ya kutoka mpakani yanasimama wapi. Nyuma ya kalenda ya zamani alichora ramani yenye kituo cha mafuta, kibanda cha nyama ya kuchoma, na kilima cha Kamukuzi kimewekwa juu kabisa kama kofia.

"Kamukuzi tutafanya nini?" Mama aliuliza.

"Hatutafanya kitu. Ni ya kujua tuko fasi gani."

Jumapili baada ya ibada alitupangia viti tufanye mazoezi. Mimi na Mama tulikaa kwenye benchi, yeye akasimama mlangoni akijifanya kondakta, akiita "Mbarara! Mbarara!" kwa sauti ya mahubiri, mpaka watoto wa majirani wakaja na kuomba kupanda. Wadogo zangu wawili, waliokuwa wameshaambiwa watabaki kwa jirani, walilia kama gari linaondoka kweli. Mama alicheka hadi akashika ubavu. Mimi nilikuwa na kazi yangu rasmi, imeandikwa: Neema, lugha. Kwa sababu nilikuwa nimejifunza Kinyankole, lugha ya wenyeji, shuleni na kwa watoto wa wafugaji waliotuletea maziwa, mimi ndiye ningeuliza njia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuwa nimewahi kuwa mtu muhimu kiasi hicho.

Kitu kimoja katika ile programu kilimshinda Mama. Karibu na katikati ya ukurasa Papa alikuwa ameandika: Kulia, dakika kumi.

"Papa Neema," Mama alisema, "ni nani analia na saa mukononi?"

"Basi linasimama nusu saa," Papa alijibu bila kuinua macho. "Mukilia yote nusu saa, mutaongea saa ngapi?"

Nyumbani kwetu saa ilikuwa jambo zito. "Mwenye atachelewa, atabakia," Papa alikuwa akisema, na alimaanisha. Jumapili moja nilikuwa bado nahangaika na kamba ya kiatu, akaniacha. Nilifika kanisani peke yangu, peku, kiatu mkononi, wimbo wa kwanza umeshaisha. Kwa hiyo usiku wa Jumatano nililala na gauni langu mwilini.

Mama alikuwa na mipango yake, isiyoandikwa. Alikaanga mikate, ile midogo ya mviringo, akaifunga kwenye kitambaa. Alimshonea dada yake gauni la kitenge cha majani ya kijani, akalipima kwa mwili wake mwenyewe. "Yaya na miye tulikuwa sawasawa," alisema. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa. Alilikunja na kulikunjua lile gauni mara nyingi hata nikaogopa litachakaa kabla halijavaliwa.

Tuliondoka kwa programu. Nakumbuka umande kwenye majani ya mahindi, baridi ya pikipiki, na ng'ombe wenye pembe ndefu waliokuwa wakivuka barabara karibu na Rwekubo polepole, kana kwamba wao ndio waliolipa nauli. Papa aliangalia saa yake, akaangalia ng'ombe, akaangalia saa tena. Tulifika Mbarara saa tatu asubuhi. Basi lilitarajiwa saa tano. Nilimuuliza mwanamke aliyeuza ndizi za kuchoma kama mabasi ya mpakani yanasimama pale. Akasema ndiyo, papo hapo, na akanipa kipande cha ndizi kwa ajili ya Kinyankole changu. Papa akaweka alama kwenye daftari.

Tukakaa kwenye ukuta mfupi kando ya kituo cha mafuta, Papa, mimi katikati, Mama na kikapu.

Saa tano ikapita. Yakaja mabasi mawili, Mama akasimama mara mbili, akakaa mara mbili. Saa saba. Papa alipiga namba aliyopewa na yule mtu wa kanisa. Simu ilikuwa imezimwa. Jua lilihama kutoka magotini kwetu hadi usoni. Hatukula mikate, kwa kuwa ilikuwa ya mgeni. Mama alianza kwa kuuliza labda limeharibika, akaendelea kwa kuuliza labda limeshapita kabla hatujafika, na mwisho akaacha kuuliza.

Saa tisa ndiyo ilikuwa saa ya kuondoka. Hilo hata mimi nilikuwa nalijua kwa moyo, lilikuwa limepigiwa mistari miwili. Ukipita hapo hupati taksi ya kukufikisha kwa wakati, na karatasi inakufia mfukoni. Nilimtazama Papa akiangalia saa. Nikaanza kufunga viatu vyangu vizuri.

Aliyesimama alikuwa Mama. Alinyanyua kikapu mwenyewe, akajipangusa vumbi.

"Papa Neema, saa imefika. Twende."

Papa hakusimama.

"Tungoje," alisema.

"Na karatasi?"

"Iishe."

"Na tukikosa gari?"

"Tutatembea kwa miguu. Ikaa, Mama Neema. Leo tunangoja."

Mama alimtazama. Nilidhani atabisha, kwa kuwa alikuwa na haki ya kubisha. Sheria hizo hazikuwa zake. Lakini uso wake ulilegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, akaweka kikapu chini, akakaa tena, safari hii si upande wangu wa pili bali karibu na Papa, bega kwa bega, na mimi nikasukumwa pembeni. Kwa akili yangu ya kitoto nilihuzunika kidogo. Nilidhani Papa amechoka. Nilidhani baba yangu, mtu wa saa, anazeeka mbele ya macho yangu.

Basi lilifika ikikaribia saa kumi na moja, limejaa tope hadi madirishani; liliharibikia huko kwenye milima ya Kabale. Akashuka kwanza kijana mrefu mwenye begi, na nyuma yake mwanamke mwembamba aliyeshika kitambaa cha kichwa ili kisiondoke na upepo. Mama hakukimbia. Alitembea kama mtu anayebeba maji yaliyojaa pomoni. Walipofikiana walishikana mashavu, kila mmoja akimgeuza mwenzake huku na huku kwenye mwanga.

"Umekonda," Mama alisema.

"Na weye umenenepa. Kumbe kambi ni fasi muzuri!"

Wakaanza kucheka. Hakukuwa na kulia hata kidogo. Walicheka wakishikiliana viunoni, wakamwita yule kijana, Riziki mwenyewe, wakamshusha kichwa ili Mama amshike masikio, wakacheka tena. Gauni la kitenge likapimwa juu ya nguo nyingine, likaning'inia kama pazia, na hilo nalo likawa kichekesho.

Papa alikuwa amebaki ukutani. Shati lake jeupe lilikuwa limekuwa rangi ya barabara. Mama Riziki alimwona, akamwacha mama, akamwendea. Mimi nilikuwa karibu, nimeshika mikate, ndiyo maana niliyasikia maneno yao.

"Shemeji," alimwambia, na akamshika mikono yote miwili. "Umenigojea."

Papa alisema, "Leo, ndiyo."

"Na ile siku ulifanya vizuri. Miye mwenyewe nilimuomba Mungu muende. Unasikia? Nilikuwa nakimbia naomba muwe mumekwenda."

Papa alifungua mdomo kujibu, na hapo ndipo alipolia. Alilia kama watu wazima wasiozoea, bila kujificha kwa sababu hawajui namna ya kujificha, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka. Mama Riziki hakumwachia mikono. Mama alikuja akasimama nyuma yake, akaweka kiganja mgongoni mwake, kwenye shati lile lenye vumbi. Hakuna aliyeangalia saa. Mimi niliona aibu, nikamgeukia Riziki nikampa mkate, naye akala na kusema ni mtamu, huku macho yake pia yakiwa yamelowa.

Kondakta akaanza kupiga bodi ya basi kwa kiganja. Mikate ikaingia dirishani, gauni likaingia dirishani, kichwa cha Mama Riziki kikatoka. Alipunga mkono hadi tulipoacha kumwona.

Tulipata taksi ya mwisho ya Rwekubo. Pale, giza likianza kuingia, askari alikuwa amesimama na kizuizi chake cha mti.

"Nyinyi natoka wapi? Karatasi iko?" Akaimulika kwa tochi. "Mzee, hii saa yake imepita."

Papa akaanza kufungua daftari lake amwonyeshe programu. Nikakumbuka kazi yangu. Nikamsalimia, "Agandi, sebo," yaani habari, bwana, nikamweleza kwa Kinyankole kuhusu basi, na milima, na dada wa mama. Akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka jinsi nilivyomwita "sebo".

"Mutoto najua lugha kuliko mimi. Haya, muende. Kesho mzee apeleke karatasi ofisini mapema."

Na Papa alipeleka, kabla hata mlango wa ofisi haujafunguliwa.

Kwa miaka mingi niliisimulia safari hii kama hadithi ya kuchekesha, ya mwalimu aliyepanga kila kitu na kushindwa na basi bovu. Papa mwenyewe alikuwa akicheka nikifika kwenye dakika kumi za kulia. Hakuniambia zaidi, nami sikuuliza.

Alipofariki, nilikaa na mama wiki mbili. Asubuhi moja tukichambua maharage, nilimuuliza maneno ya Mama Riziki kwa Papa kule Mbarara yalikuwa na maana gani. Mama hakuacha kuchambua. Alisema siku ya kukimbia walikuwa pamoja wote, na walipofika njia panda Mama Riziki akagundua mwanawe hayupo, alikuwa ametumwa mtoni asubuhi. Akasema, "Munigojee hapa," akarudi mbio. Wakangoja. Milio ya risasi ikawa inasogea. Papa akangoja tena kidogo, halafu akasema twendeni. Mama alikataa, akakaa chini barabarani. Papa akamfungua mtoto mgongoni mwa Mama, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, akaanza kutembea, akijua kwamba hivyo mama lazima atamfuata.

"Nilimufuata," Mama alisema. "Lakini miaka mingi sikumusamehe. Hakukuwa na siku moja alinilaumu kwa hilo. Alinyamaza tu, na kupanga."

Akasogeza ungo. Mimi nilikuwa nimeacha kuchambua. Wadogo zangu wote walizaliwa Uganda. Siku ile kulikuwa na mtoto mmoja tu wa kubebwa.